Boksi jeusi la LED "wati 165" juu ya tangi la matumbawe: uzoefu wangu

Kwa bei yake, taa hii inakuza matumbawe laini na yale magumu ya nyama nene bila taabu. Ukilifungua boksi na kubadilisha draiva (kifaa kinachosukuma umeme kwenye LED), linafaa hata kwa Acropora, tumbawe gumu linalotaka mwanga mkali. Ukiliacha lilivyotoka kiwandani na kuzungusha vitufe vyote hadi mwisho, utababua kila ulichoweka juu ya mwamba. Nazungumzia yale maboksi ya bati jeusi yasiyo na jina, yenye punje 55 za LED, vitufe viwili, nyaya mbili za umeme na feni mbili mgongoni. Langu linaning'inia juu ya tangi la sentimita 90 kwa 45, kina 50, yaani lita 200 kabla ya kutoa nafasi ya mawe, katika nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi.

Tuanze na hizo wati. 165 ni hesabu ya kibiashara: punje 55 mara wati 3. Ndani kuna draiva mbili, na lebo yake inasema miliampia 600. Chaneli moja, ya buluu, ina punje 28 zilizofuatana kwenye saketi moja, nyingine, ya nyeupe, 27, na kila punje inakula takriban volti 3.2. Piga hesabu: volti 90 hivi kwa miliampia 600 ni wati 54 kwa chaneli. Ukiongeza umeme unaopotea kwenye draiva na feni, soketi inatoa kama wati 120. Hilo halinisumbui, maana punje ya wati 3 isiyosukumwa hadi mwisho hupata joto dogo na hudumu. Kinachoniudhi ni mnunuzi kulinganisha taa mbili kwa wati, wakati tumbawe halijui wati ni nini.

Tumbawe linajua PAR, yaani mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 unaolifikia pale lilipokaa. Vimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake ndivyo vinavyoutumia. Matumbawe laini kama Sarcophyton na zoanthidi hutosheka na PAR ya 50 hadi 100. Euphyllia na jamaa zake huhitaji 75 hadi 150. Montipora na Acropora hutaka 200 hadi 350. Boksi likiwa sentimita 30 juu ya maji, vitufe vyote mwisho, kipimo kilinipa zaidi ya 400 katikati kwa kina cha sentimita 15, kama 180 kwenye mchanga, lakini pembeni kabisa haikufika 50. Sababu ni lenzi za nyuzi 90. Zinasukuma mwanga chini vizuri lakini haziusambazi, kwa hiyo boksi moja linatosha eneo la sentimita 60 kwa 60 tu. Kwa tangi la sentimita 120 nunua mawili, usijidanganye kwa kuliinua moja.

Kipimo nilichotumia ni Apogee MQ-510, ambacho tayari kimerekebishwa kwa matumizi ndani ya maji. Ukiazima MQ-500, zidisha namba unayoisoma kwa 1.32. Programu za simu za kupima lux ziache kabisa. Lux imepimwa kwa jicho la mwanadamu, ambalo linaona zaidi kijani cha nanomita 555, na taa ya buluu ya nanomita 450 huonekana hafifu kwa lux hata pale inapounguza.

Mpangilio ninaotumia kwa tangi la mchanganyiko ni buluu asilimia 65 na nyeupe asilimia 15. Hapo napata kama 180 juu ya mwamba, 120 katikati, 75 kwenye mchanga. Umeme unaotumika ni wati 50 hivi, karibu nusu yuniti kwa siku. Kwa kuwa kila chaneli ina waya wake, taima mbili zinatosha: buluu saa kumi, nyeupe saa sita katikati ya hizo. Chukua taima za dijitali zenye betri. Zile za kuzunguka husimama umeme ukikatika, na kwa mikatiko yetu baada ya wiki chache tangi linakuwa na mchana usiku wa manane.

Usianzie kwenye asilimia hizo. Tumbawe lililotoka kwenye mwanga hafifu halina kinga ya mwanga mkali. Vimwani vyake vikizidiwa huzalisha oksijeni yenye sumu, na tumbawe huvitapika likabaki jeupe. Anza buluu 25, nyeupe 5, boksi likiwa sentimita 40 juu ya maji, kisha ongeza asilimia 5 kila wiki. Likianza kupauka upande wa juu tu, mwanga umezidi. Likigeuka kahawia na kujinyoosha kama linatafuta kitu, mwanga haujatosha. Likipauka mwili mzima huku PAR iko sawa, angalia lishe kabla ya kugusa taa: naitreti ikiwa sifuri na fosfeti sifuri, hakuna mwanga utakaolirudisha. Na kadiri mwanga unavyopanda ndivyo matumbawe magumu yanavyonyonya alikalini (kaboneti ya kujengea mifupa yake), kwa hiyo pima dKH, kizio cha alikalini, mara mbili kwa wiki mpaka itulie.

Sasa udhaifu wenyewe. Chaneli ya nyeupe imechanganywa na punje nyekundu na za kijani, huwezi kuzizima peke yake, na mchangani unaona madoa ya rangi ya disko. Ukiishusha karibu na sifuri draiva inapepesa. Hakuna mapambazuko wala machweo. Na kwa kuwa punje zote za chaneli ziko kwenye mstari mmoja, moja ikikatika nusu ya taa inazimika, labda kama kiwanda kiliweka diodi za akiba. Zipime kwa maltimita moja moja, utaikuta.

Dawa yake ni kuzitoa draiva zote mbili. Chomoa umeme na usubiri dakika kadhaa, maana kapasita zinashika chaji na volti 90 za DC si za kuchezea. Badala yake weka pawasaplai ya volti 48, wati 150, na vidraiva vya Mean Well LDD-600H. Hivi hutoa miliampia 600 zilezile, ila mwisho wake ni volti 52 na vinahitaji kubaki na volti 3 hivi juu ya kile punje zinachokula. Ndiyo maana mstari wa punje 28 lazima ugawanywe. Wengi hugawa 14 kwa 14, nami siupendi mgawo huo: 14 mara 3.2 ni 44.8, ongeza 3 unapata 47.8, karibu 48 kamili. Gawa 10, 9 na 9. Nyeupe gawa vivyo hivyo, ila nyekundu na kijani zipe LDD yake.

Mambo mawili ndiyo huharibu kazi hii. La kwanza, hasi ya kutokea ya LDD isiungwe kamwe na hasi ya kuingilia. La pili, pini ya dima (ya kupunguza mwanga) ikiachwa wazi LDD huwaka kwa nguvu zote. Ukitumia ESP32, yaani kompyuta ndogo ya kuongoza taa, inapojiwasha pini zake huelea kidogo, na ikifa usiku matumbawe yanapigwa mwanga kamili hadi asubuhi. Funga rezista ya kilo-omu 10 kati ya pini ya dima na hasi ya pawasaplai, ambayo pia iungwe na hasi ya ESP32. Kisha chomoa ESP32 uone: taa isipozimika kabisa, shuka hadi kilo-omu 4.7. PWM, yaani mipigo ya kuwasha na kuzima inayopunguza mwanga, iwe kati ya hezi 100 na 1000.

Kabla ya kulitundika, pima kwa maltimita kama waya wa athi umegusa bati kweli, maana rangi huzuia. Ikwangue chini ya skrubu. Soketi iwe na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja), na nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yasiteremkie ndani yake. Feni hushika chumvi, zipulize kila mwezi na zikianza kulia zibadilishe. Kioo cha chini kifute kwa kitambaa chenye maji yaliyochujwa, kwani utando wa chumvi unakula PAR usiyoiona.

Asiyetaka kushika solda achukue AI Prime 16HD au Kessil A360X: bei ni mara kadhaa, lakini mwanga uliochanganyika vizuri unaukuta tayari, na ratiba pia, ingawa Kessil huhitaji kidhibiti cha kando. Anayechukua boksi aagize pamoja nalo punje tano za nanomita 450, feni mbili na bomba moja la girisi ya joto.