Kaseti za kupima bakteria wa tumbo Lubumbashi: nunua ya choo, ya damu iache

Kwenye farmasi za Lubumbashi, mwenye gastriti isiyoisha huuziwa kaseti ya tone la damu au ya choo. Zote mbili zimetengenezwa kwa ajili ya Helicobacter pylori, bakteria anayeleta vidonda vingi vya tumbo na anayehusishwa na saratani ya tumbo. Ukiziweka mezani zinafanana, lakini kazi zake ni mbalimbali kabisa.

Ya damu haitafuti bakteria, inatafuta kingamwili (chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake), na kingamwili hubaki mwilini miezi au hata miaka baada ya bakteria kufa. Aliyekwisha kupona anaweza kuona mistari miwili, yaani chanya, na kupewa antibiotiki bure.

Ya choo inakamata chembe za bakteria wenyewe, ila inataka mkono mtulivu. Chomeka kijiti sehemu tatu au zaidi za choo mpaka vijifereji vyake vijae, basi. Wengi huchota kupita kiasi: maji yanakwama kwenye kidirisha na mstari wa C (unaoonyesha kaseti inafanya kazi) hautoki. Hilo si jibu hasi, ni kaseti iliyoharibika. Rudisha kijiti kwenye kichupa chake cha maji, tikisa, vunja ncha, dondosha matone 2 au 3 kama karatasi ya boksi inavyosema, soma baada ya dakika 10 hadi 15. Mstari wa T (wa jibu) uliofifia ni chanya. Uliotokea nusu saa baadaye usiuhesabu.

Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ndiyo inayodanganya sana: isipoachwa wiki 2 kabla, bakteria hupungua na kaseti huweza kusema hasi. Antibiotiki, wiki 4. Halafu kuna joto. Kaseti hizi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, na mwezi wa kumi hapa hupita hapo. Boksi lililopangwa dirishani juani lisikuvutie hata likiwa la bei nafuu.

Kasoro ambayo boksi halitaji ni kwamba kaseti haijui umebeba bakteria wa namna gani. Wenye jeni ya cagA hudunga protini yao ndani ya seli za ukuta wa tumbo, kama sindano. Wenye jeni nyingine, vacA, ya aina ya s1 hutoa sumu kali kuliko wa s2. Hiyo ni sababu mojawapo kati ya wawili wenye mistari ileile, mmoja huishia na kiungulia na mwingine na kidonda kinachovuja damu. (Ukiona choo cheusi kama lami, achana na kaseti, nenda hospitali.)

Munganga (daktari) akitaka kipande cha ukuta wa tumbo kilichochukuliwa kwa endoskopi, mrija wenye kamera, kipelekwe kupimwa jeni, pesa yako iende kwenye 23S, jeni ya bakteria. Herufi moja ikibadilika pale, nafasi ya 2143, klarithromaisini, antibiotiki inayotumika dhidi ya bakteria huyu, haifanyi kazi tena. Kujua cagA hakubadilishi dawa utakazoandikiwa.

Baada ya matibabu ya siku 14, subiri wiki 4, kisha rudia kaseti ya choo. Ikiwa bado chanya na hukuruka kidonge, usikubali kuandikiwa klarithromaisini mara ya pili.