Meza ya spea za kuchomoa, Soko Kuu Mtwara: transfoma chukua, kapasita ziache

Mafundi wenzangu wa redio na sabufa, ile meza ya spea karibu na Soko Kuu wengi mnaijua. Transfoma zake safi, bei inaongeleka, na muuzaji hakunji uso ukitaka kupima kabla ya kulipa. Transista nilizochukua pale zinapiga kazi mpaka leo. Shida ni lile kopo la kapasita, vile vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme.

Nilimwomba nilimwage mezani nizichambue. Nyingi zimetoka kwenye tivi za chogo na pawa saplai za kompyuta. Zilizovimba kichwani hata mwanafunzi anajua zimekufa. Za hatari ni zile zenye kichwa bapa. Niligeuza moja, maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) 2200 volti 25: mpira wa chini umelowa, mguu mmoja umeota ukijani. Kuipima kwa mita, inasoma vizuri kabisa! Hapo ndipo watu wanaingia mkenge, maana mita ya kawaida haioni upinzani wa ndani, na huo ndio unaopanda maji ya ndani ya kapasita yakivuja au kukauka. Ukiifunga, sabufa inavuma hata sauti ikiwa chini.

Na maji hayo yakishuka kwenye bodi yanakula shaba. Nililetewa sabufa iliyofungwa kapasita ya kuchomoa. Nilipoipasha moto niitoe, harufu ya samaki aliyechina ikajaa kibandani, na njia ya shaba ikabanduka pamoja na risasi. Nikasugua kwa spiriti na mswaki, nikaunga njia kwa waya. Mteja akalipia kazi ambayo kapasita mpya ingemwepusha nayo.

Muuzaji ananiambia, "Fundi, hizo za mashine za Kijapani, imara." Zilikuwa imara, sikatai. Lakini kapasita ya maji inazeeka hata ikiwa ya kiwanda bora: joto likipanda nyuzi 10, umri wake unapungua karibu nusu. Sasa fikiria iliyokaa miaka ndani ya tivi, kwenye joto letu hili la pwani.

Pale inauzwa shilingi 300, mpya dukani 700. Ongeza hiyo 400. Chukua iliyoandikwa nyuzi 105 (joto inalostahimili), siyo 85. Maikrofaradi zilezile za kapasita unayobadilisha, volti zilingane nayo au zizidi.

Nimemwomba muuzaji zinazovuja azitenge, kwa sababu kopo lilelile lina IC (chipu) nzuri na miguu yake imeanza kuchafuka. Amekubali.