Sodo zenye kikaratasi cha gundi kinachotawanyika majini: zafaa nyumba gani Lamu?

Kwa nyumba yenye choo cha kuvuta, tangi likijazwa maji matamu, sodo hizi zina thamani ya pesa zake. Kwa nyumba inayomwagia choo maji ya kisima chenye chumvi, tunashauri muziache. Hukumu yetu ni hiyo, na yote yanatokana na kitu kisichofika gramu moja: kile kikaratasi kinachobanduliwa nyuma ya sodo kabla ya kuvaliwa.

Kikaratasi cha kawaida kazi yake ni kuilinda gundi isishike vumbi wala isigandane na pakiti. Gundi yenyewe ni ya kuyeyushwa kwa moto kiwandani, mpira uliochanganywa na utomvu na mafuta, na unata wake haukauki. Ili iachie bila kung'ang'ania, karatasi hupakwa silikoni kidogo mno, kama gramu moja kwa kila mita ya mraba. Chini ya silikoni huwa pana karatasi iliyoshindiliwa ikawa nyororo na isiyopenyeka, au karatasi iliyofunikwa nailoni kwanza. Ukitupa kikaratasi hicho chooni hakilowi. Huelea, au hujikunja na kukaa kwenye shingo ya choo, na kila kinachofuata hunasa hapo.

Hiki kipya kimeundwa vingine. Aina ya kwanza ni karatasi ya nyuzi fupi za mbao zilizoshikanishwa kwa CMC, yaani selulosi iliyobadilishwa kikemikali ikawa na kiu ya maji. Ikilowa, CMC huvimba, nyuzi huachana, karatasi ikawa kama uji mwepesi. Aina ya pili haina nyuzi. Ni utando mwembamba wa polivinili alkoholi, jamii ile ile ya vifuko vya sabuni ya kufulia vinavyotupwa mzima mzima ndani ya mashine. Zote mbili hupakwa silikoni upande mmoja.

Na hapo ndipo ugumu wa bidhaa hii ulipo. Silikoni haipatani na maji, na karatasi inatakiwa ipatane nayo. Kiwanda hakiwezi kutumia silikoni iliyochanganywa na maji, kwa sababu karatasi ingeharibika pale pale kwenye mashine. Lazima itumike silikoni isiyo na maji, ikaushwe kwa joto au kwa mwanga wa urujuanimno, na joto likizidi karatasi hupoteza unyevu wake na kuwa kavu ya kukatika. Silikoni ikizama ndani ya karatasi, nyuzi zenyewe huwa hazilowi tena na kikaratasi hakitawanyiki. Ikiwa haba au haikusambaa sawasawa, gundi inang'ata nyuzi, na ukibandua unaacha manyoya ya karatasi mgongoni mwa sodo. Pakiti nzuri ni ile ambayo mtengenezaji amepata katikati ya hayo mawili, na si wote wanaopata.

Ubora huo unaweza kuuona kwa macho kabla hujatupa chochote chooni. Bandua kikaratasi, kilaze mezani, dondosha tone la maji kwa ncha ya kidole upande unaong'aa. Tone likae duara, likiinamishwa liteleze. Kisha kigeuze, dondosha tone jingine upande wa nyuma. Kwenye karatasi ya kweli ya kutawanyika tone hilo hunywewa baada ya sekunde chache, na mahali pake pananyanyuka na kufanya makunyanzi. Tone likibaki duara pande zote mbili, ama silikoni imepenya mpaka nyuma, ama hiyo ni karatasi ya nailoni iliyopewa jina jipya. Ukiichana, ya nailoni huvutika kidogo na kuacha ukingo mweupe kabla ya kukatika. Ya nyuzi hukatika moja kwa moja, na ukingo wake una manyoya.

Sasa maji. Lamu mjini maji hutegemea sana hazina iliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vya ndani ya mji vimeingiwa na chumvi. Mtu akizoea maji yake haoni tofauti, ila CMC inaiona. Inavimba kwa sababu chembe zake zina chaji hasi zinazosukumana. Chumvi ikiwa nyingi huzituliza chaji hizo, na kalisi na magnesi huzituliza zaidi ya sodiamu. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, ndani yake miligramu 400 hivi za kalisi na 1,300 hivi za magnesi. Ya kisima hayafiki huko, lakini maji yaliyopita kwenye matumbawe hubeba kalisi ya kutosha kuiharibia karatasi kazi. Matokeo ni kwamba kikaratasi kinalainika, kinavunjika vipande viwili vitatu, na vipande vinabaki vimeshikana. Kwa jicho la haraka utasema kimeyeyuka. Shingo ya choo itakwambia vingine.

Utando wa polivinili unavumilia chumvi ya kisima vizuri zaidi, japo nao unachelewa. Udhaifu wake ni uchache wa maji. Ukipata lita 6 za tangi la choo, unakwenda zake. Ukipata kata mbili tatu kutoka kwenye birika, unageuka ute mzito unaonata kwenye sinki la choo na kukusanya nywele na nyuzi za toilet pepa. Halafu kuna utando wa daraja lisiloyeyuka kwenye maji baridi hata kidogo; huo unahitaji maji ya moto. Wa kutafuta ni ule uliotengenezwa kwa maji baridi, na pakiti inapaswa kulisema hilo.

Jaribio la nyumbani ni rahisi na halihitaji kifaa cha maabara. Chukua chupa mbili za lita moja zenye mdomo mpana. Tia kila moja nusu lita ya maji yale yale unayomwagia choo, si ya kunywa. Ya kwanza weka kikaratasi kimoja kizima, ya pili weka toilet pepa yenye ukubwa sawa. Funika, pindua chupa juu chini polepole, mara moja kwa sekunde, kwa dakika mbili. Mimina kila chupa kwenye chujio lenye matundu mapana, kama yale ya kuchujia tambi. Kikaratasi kikipita kama ilivyopita toilet pepa, kinafaa kwa choo chako. Kikibaki kipande kipana kuliko kidole, hakifai, hata pakiti iandikwe nini.

Tunasisitiza maji yako mwenyewe kwa sababu vipimo vya viwandani havikufanywa kwa maji ya Lamu. Mwongozo wa mwaka 2018 wa INDA na EDANA, vyama vya watengenezaji wa vitambaa visivyofumwa, husukasuka bidhaa kwenye maji kwa dakika 60, na hutaka zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake ipite kwenye tundu la milimita 12.5. Dakika 60 ni muda mrefu. Kwenye choo cha kumwagia kwa ndoo, kikaratasi hupita shingoni kwa sekunde, kisha hulala shimoni penye utulivu, bila wa kukisukasuka.

Jambo la pili linaloiangusha bidhaa hii pwani ni unyevu wa hewa. Karatasi inayopenda maji haingoji choo. Huanza kunywa hewani. Masika ikiingia, pakiti iliyofunguliwa ikaachwa bafuni hupinda kingo, silikoni hupata nyufa ndogo kwa kuvutwa na karatasi iliyovimba chini yake, na gundi hupenya kwenye nyufa hizo. Ndipo wanawake wanapolalamika kwamba kikaratasi kinachanika kikibanduliwa. Dawa yake ni kopo lenye mfuniko wa kukaza, liwekwe chumbani na si chooni. Dawa nyingine ni mikono mikavu. Mtu aliyetoka kuoga ana vidole vya maji, na vidole hivyo vinaanza kukitawanya kikaratasi kabla hakijabanduka. Futa mikono, anza kwenye pembe, kirudishe nyuma kikiwa karibu kulala juu ya sodo, polepole. Ukikivuta wima kwenda juu kinakatikia katikati. Manyoya yakibaki kwenye gundi, ikandamize mara mbili na kipande cha selotepu kisha unyanyue. Mengi yatatoka, na sodo itashika.

Mabawa yatazamwe pia. Tumeona pakiti ambazo ukanda mkubwa wa katikati unatawanyika sawasawa, na vile viwili vidogo vya mabawa ni karatasi ya kawaida ya nailoni. Anayenunua hana habari. Jaribu vyote.

Lakini lawama yetu kubwa ni maandishi ya pakiti. Kinachotawanyika ni kikaratasi peke yake. Gundi haitawanyiki. Mgongo wa sodo ni plastiki, na ndani mna pamba ya mbao pamoja na chembe za kunyonya zinazovimba mara nyingi zaidi ya uzito wake. Sodo nzima ikiingia chooni inaziba, na msichana aliyesoma "inayeyuka majini" kwa herufi kubwa mbele ya pakiti hana kosa akifikiri inahusu yote. Pakiti isiyochora wazi ni kipande kipi cha kutupa chooni na kipi cha kutupa kwenye taka, tunaiona si salama kuuzwa kwa wasichana wa shule, hata kama karatasi yake ni bora.

Hili lina uzito zaidi mjini hapa kuliko Malindi, ambako lori la kunyonya maji taka linaweza kufika mlangoni. Vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitishi lori. Shimo likijaa hutapishwa kwa ndoo na mikono ya mtu, na kila kisichooza hupita mikononi mwake. Kikaratasi kilichotawanyika vizuri kinampunguzia kazi kidogo. Sodo iliyotupwa kwa sababu ya maandishi mabaya inamwongezea kazi, na si kidogo.

Kuna hasara moja ndogo ambayo wauzaji hawaitaji. Wengi wetu hutumia kile kikaratasi cha zamani au kifuko chake kukunjia sodo iliyotumika. Hiki kipya hakifai kazi hiyo, kwani kinalowa na kupasuka kabla hujafika kwenye pipa. Weka gazeti lililokatwa vipande karibu na choo, na pipa lenye mfuniko.

Nyumba za wageni za Shela zenye matangi ya maji matamu zichukue aina ya CMC, na kila choo kiwe na picha ukutani inayoonyesha sodo inakwenda pipani. Nyumba za kumwagia kwa ndoo zenye maji ya chumvi zinunue zile ambazo kifuko cha kila sodo ndicho kinachofunika gundi, bila ukanda wa katikati. Kifuko hicho ni plastiki, ni kweli, lakini kinakwenda pipani pamoja na sodo iliyokunjwa ndani yake, na hakuna anayeshawishika kukitupa chooni. Shule zenye vyoo vya shimo hazina faida yoyote ya kulipia kikaratasi hiki. Pesa hizo ziongeze idadi ya pakiti.

Mwenye duka naye aangalie safari ya mzigo. Katoni zinashuka Mokowe na kuvuka kwa boti, na rasharasha ya maji ya bahari ikiingia kwenye katoni, pakiti za chini huharibika bila kuonekana kwa nje. Agiza zilizofungwa nailoni kila pakiti, zivushwe chini ya turubai, na zikifika zipandishwe rafuni, mbali na sakafu na ukuta wa mawe unaotoa unyevu. Fungua pakiti moja ya katoni ya chini kabisa, ubandue sodo mbili mbele ya aliyekuletea. Zikichanika, mrudishie katoni yake.