Chui sasa analeta kandambili mkononi: uzoefu wangu na mafunzo ya mbwa kwa zawadi, Moshi

Mbwa wetu Chui ana mwaka mmoja na nusu, na tangu akiwa mdogo alikuwa na mchezo mmoja: anachukua kandambili mlangoni na kutoka nayo mbio hadi kwenye migomba. Watoto wanamkimbiza, mimi nafuata na fagio, mwisho tunaikuta imeliwa upande. Tunaishi Rau, na uani kuna nafasi ya kutosha mbwa kukuzungusha mpaka uchoke. Mwezi wa pili nikamwita kijana anayefundisha mbwa majumbani, amfundishe Chui kuleta kitu na kukikabidhi mkononi. Nililipa shilingi 20,000 kwa kila somo, masomo sita, kila Jumamosi asubuhi.

Siku ya kwanza hakurusha kitu chochote. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Mama, mkimkimbiza mnamfundisha kukimbia. Kwake huo ndio mchezo mtamu kuliko yote." Akaomba maini ya ng'ombe yachemshwe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, nilikuwa sijui), yakatwe vipande vidogo kama punje ya hindi. Halafu akatoa kidude cha plastiki kinacholia tik. Tik, ini. Tik, ini. Baada ya dakika tano Chui akisikia mlio tu anageuza kichwa. Akatueleza kwamba panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, kule Morogoro nao wanafundishwa hivyohivyo, mlio halafu ndizi. Panya Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, alianzia hapo. Wanangu walimheshimu Chui ghafla.

Kilichonishangaza ni kwamba tulianzia mwisho. Mimi ningerusha mpira kwanza. Yeye alianza na kukabidhi. Tulichukua soksi ya mtumba ya soko la Memorial, tukaijaza matambara na kuifunga fundo. Chui akiigusa kwa pua, tik. Akiiuma, tik. Akiishika sekunde moja huku kiganja changu kiko chini ya kidevu chake, tik, na ini likitokea anaiachia mkononi. Wiki mbili nzima soksi haikuvuka hatua moja, nikaanza kuona pesa yangu inapotea. Wiki ya tatu mwalimu akaiweka chini, na Chui akaiokota akaileta moja kwa moja, maana kukabidhi alishakujua na ini liko huko. Baada ya hapo umbali uliongezeka wenyewe: hatua tatu, kumi, mpaka banda la kuku. Akitoroka nayo hatumfuati, tunageuka na kwenda upande mwingine, naye anakuja nyuma yetu.

Mazoezi ni dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa siku, na unaacha akiwa bado anataka. Vijiti alivikataza kabisa, vinapasuka na kumchoma mbwa kooni.

Jirani yangu ana wasiwasi kwamba mbwa wa ulinzi akizoea kulishwa mkononi, mwizi atamtupia nyama yenye sumu. Ni hofu ya kweli, mbwa wengi wamekufa hivyo. Kwetu ini linatoka kwa watu wa nyumbani tu, na somo la kuacha chakula kilicho chini nimeshalilipia.

Mapungufu yapo. Jumamosi mbili alichelewa karibu saa nzima, jua likawa kali na mbwa hana hamu. Pia hakutuachia maelezo ya kuandika, na hilo lilitugharimu. Mume wangu, ambaye hakuwepo siku za mwanzo, alikuwa anabofya kile kidude cha tik wakati soksi imeshaanguka chini. Ndani ya siku tatu Chui akajifunza kuiangusha hatua mbili kabla ya mkono. Ilichukua wiki nzima kumrudisha. Mlio uchelewe kidogo tu, unakuwa umelipia kitu kingine.

Siku hizi ini halitoki kila safari, labda moja kati ya nne, nyingine anasifiwa na kukunwa masikio. Mbuzi wakipita anaitupa soksi na kuwafuata, hapo bado hatujafika. Lakini kandambili analeta. Jana kaleta ya mama mkwe, imelowa mate, haina alama ya jino hata moja.