Kipimo cha projesteroni Dar: ya Sinza, krimu ya Kariakoo, na ile ya Mikocheni

Mnaoniulizia inboksi wapi pa kufanya kipimo cha projesteroni, ile homoni ya uzazi, nawajibu hapa kwa pamoja maana vidole vimechoka. Kwa kifupi kliniki ya Mikocheni nyota nne, ya Sinza nyota moja na hiyo moja ni ya kiyoyozi, krimu ya Kariakoo haipati kitu. Majina siyaweki, sitaki kesi na mtu, nyie someni dalili mtazijua wenyewe mkifika.

Tuanze Sinza. Pazuri jamani, tusiwanyime haki yao, sofa safi, maji ya baridi bure, dada wa mapokezi anakuita kipenzi kabla hujakaa. Faili 20,000, afu unauziwa "kifurushi cha homoni" ambacho kwangu kilikaribia laki mbili na dokta bado sijamuona hata sura. Fomu yao ina jina, umri, dini, bima, umeolewa au hujaolewa, namba ya simu ya ndugu wa karibu, sehemu ya kuandika mzunguko wako ni wa siku ngapi hamna. Kliniki ya uzazi hiyo! Pale dirishani maabara wamebandika karatasi kwa selotepu, PROJESTERONI SIKU YA 21, kwa herufi kubwa (unahesabu toka siku ya kwanza ya hedhi), na ndo hivo hivo kila mwanamke anaambiwa, awe anaona siku zake kila baada ya siku 26 au 40 wao hawajali.

Sasa mimi mzunguko wangu ni siku 35. Na projesteroni haikai tu mwilini inakusubiri uje na risiti, inatoka kwa wingi baada ya yai kupevuka na kutoka, pale yai lilipochomoka kwenye ovari panabaki kitezi kidogo cha rangi ya njano, hicho ndo kinaimwaga kwa wiki mbili hivi, inapanda mpaka kileleni kama wiki moja baada ya yai kutoka, mimba isipoingia kitezi kinasinyaa, homoni inashuka, unaingia hedhi. Kwa hiyo hiyo siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye 35 kama mimi yai lenyewe linatoka kwenye siku ya 21 hiyo hiyo, kupima siku hiyo ni kwenda soko la samaki la Feri boti hazijaingia afu unarudi nyumbani unatangaza Dar haina samaki.

Majibu yakaja 0.9. Kijana wa pale (sijui ni dokta au ni nani, koti alikuwa nalo) akaangalia namba hakuniangalia mimi, akasema homoni yako iko chini sana dada ndo maana hushiki mimba, akaandika vidonge vya projesteroni nianze siku ya 14 ya kila mzunguko. Nikamuuliza mbona mzunguko wangu mrefu, akanijibu hiyo haina shida. Vidonge sikununua. Na nilipokuja kumuonesha dokta wa Mikocheni, mama mmoja nitakayemwelezea hapo chini, ile karatasi akaguna tu, akaniambia mwenye mzunguko mrefu akianza projesteroni siku ya 14 anaianza yai bado halijatoka, na inaweza ikavuruga hilo hilo yai analolitafuta.

Sasa Kariakoo. Wifi yangu, Mungu ambariki kwa moyo wake, kusikia nina "homoni iko chini" akasema hilo chango tu, kesho yake kaja na kopo. Kopo jeupe la plastiki, lebo imechapwa na picha ya kiazi kikuu kimekatwa katikati, imeandikwa projesteroni asilia, inabalansi homoni, inaondoa chango, inasafisha kizazi, inarudisha hedhi, inapunguza tumbo, inang'arisha ngozi, na chini kabisa "haina madhara". Tarehe ya kuisha matumizi hamna. Namba ya usajili ya TMDA, ile mamlaka ya dawa, hamna. 45,000! Unapaka tumboni na mapajani asubuhi na jioni na muuzaji anasema usipoona matokeo ongeza la pili, la pili lisipojibu ongeza la tatu, biashara nzuri kwakweli.

Stori ya kiazi kikuu ina mzizi wa ukweli ndo maana inauzika. Kuna mkemia Mmarekani, Russell Marker, miaka ya 1940 alienda Mexico akachukua viazi vikuu vya porini vya kule, ndani yake kuna kitu kinaitwa diosijenini, akakibadilisha kuwa projesteroni. Lakini alikibadilisha maabara, kwa kemikali, hatua kwa hatua. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kufanya hiyo kazi. Ungepaka mpaka uteleze hakuna projesteroni inayotengenezwa humo. Na kama kuna mjanja kaweka homoni ya kweli ndani bila kuandika kipimo basi hiyo ndo mbaya zaidi maana hujui unajipaka kiasi gani. Mama mkwe wangu viazi vikuu anavipika na nazi, bora huko. Kopo nimempa wifi alirudishe, dukani wamekataa, wanasema likishafunguliwa ni lako.

Haya Mikocheni. Jengo la kawaida tu, ngazi nyembamba, benchi za mbao, feni moja inazunguka kivivu. Dokta ni mama mtu mzima, wale ambao ukiingia unajikuta shikamoo imetoka yenyewe.

"Marahaba mwanangu. Siku zako unaziona kila baada ya siku ngapi?"

Swali la kwanza kabisa! Nikatoa simu nikamuonesha kalenda yangu, akachukua kalamu, nyuma ya fomu ya maabara akachora mstari, hapa ulianza, hapa tunategemea utaanza tena, akarudi nyuma siku 7 akaweka duara, njoo siku hii. Kwangu ikaangukia kwenye siku ya 28. Akaniambia hata hivyo hedhi ikichelewa kuja nimpigie ili ajue duara lilikuwa mahali pake au la, maana kipimo unakielewa vizuri ukishajua hedhi iliyofuata ilikuja lini. Kipimo chenyewe 35,000, majibu jioni yake.

Ikaja 11 na pointi. Yule yule mimi mwenye 0.9.

Akanieleza taratibu, ikizidi 3 (kwa nanogramu kwa mililita, kizio cha majibu yangu) ujue yai limetoka, basi, hicho ndo kipimo kinachojibu vizuri. Kwamba 11 ni nzuri kuliko 9 au 14 ni bora kuliko 11 hapana, kwa sababu homoni hii inatoka kwa mapigo, ndani ya saa moja na nusu inaweza kupanda na kushuka vibaya mno, ungetoa damu saa mbili na mwenzako saa nne mngepata namba za ajabu. Kwa hiyo zile gruupu za WhatsApp mnazotumiana majibu mnashindana wekeni akiba ya maneno, na tena angalieni kizio, maabara nyingine wanaandika nanogramu kwa mililita nyingine nanomoli kwa lita, 10 ya huku ni kama 32 ya kule. Kuna dada kwenye gruupu letu alilia kwa hilo, majibu yake yalikuwa sawa kabisa na ya aliyekuwa anampongeza.

Na dokta hakusema projesteroni ya chini ni hadithi, msinielewe vibaya. Akasema ikiwa chini kweli mara nyingi maana yake yai halitoki, sasa hapo kazi ni kutafuta kwa nini halitoki, PCOS (ovari zenye vifuko vingi na homoni kuvurugika), thairoidi (tezi ya shingoni), prolaktini (homoni ya maziwa) imepanda, kukonda kupita kiasi, mazoezi ya kujiua, msongo, au umri umesogea unakaribia kukoma hedhi. Akanipima thairoidi na prolaktini kabla ya kuandika dawa yoyote na zote zilikuwa sawa. Mwanamke wa hivyo hedhi inaruka miezi, ikija inakuja kama bomba limepasuka, na hiki ndo kitu ambacho Sinza hawakumwambia mtu yeyote: hata kama hutafuti mtoto usikae miezi na miezi bila hedhi ukishukuru umepumzika pedi. Estrojeni inajenga ukuta wa kizazi, projesteroni ndo inautuliza, ikikosekana muda mrefu ukuta unanenepa ovyo na kwa wengine unaishia kwenye saratani ya mji wa mimba. Mama wa miaka hamsini aliyekuwa mbele yangu kwenye benchi alikuja kwa hilo hilo, damu haikatiki, alikuwa ameambiwa mtaani amerogwa.

Mdogo wangu naye nilimpeleka pale, kesi yake tofauti na yangu. Yeye mimba anashika ila zimeshatoka, na hii ya sasa akaanza kuona matone ya damu mapema tu. Akaandikiwa kapsuli za projesteroni miligramu 400 asubuhi na 400 usiku, za kuweka ukeni, mpaka wiki ya 16. Dokta akamwambia ukweli, dawa hii haiokoi kila mimba. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza unaitwa PRISM, ulitoka 2019, wanawake zaidi ya elfu nne wenye damu mimba ikiwa changa, kwa ujumla wao dawa haikuleta tofauti ya kueleweka, ila waliokuwa wameshapoteza mimba tatu au zaidi waliopewa dawa waliojifungua salama walikuwa 72 kwa mia, wenzao waliopewa dawa ya bandia, ile isiyo na kitu ndani ya kulinganishia, 57. Baada ya hapo Waingereza 2021 wakabadilisha mwongozo wao, mwenye damu na aliyewahi kupoteza mimba anapewa. Asiye na damu, hata kama mimba zimetoka bila sababu kujulikana, utafiti mwingine wa 2015 haukuona faida ya kueleweka. Mdogo wangu saivi tumbo linaonekana na analalamikia kiungulia tu.

Kuhusu zile kapsuli zenyewe, yeye anasema zinavuja uteute mweupe, vaa pantilaina na ulale dakika kadhaa ukishaweka. Ukizimeza zinaleta usingizi, kwa hiyo ni za kumeza usiku, usipande bodaboda baada ya hapo. Hedhi inaweza kuchelewa na matiti yakauma ukajiona una mimba kumbe dawa, pima mimba kwanza ndo umpigie mama yako. Na vile vidonge vya Duphaston mnavyovipenda ndani yake ni didrojesteroni, homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni, kipimo cha damu cha projesteroni hakiioni, kwa hiyo msikimbilie maabara kucheki "kama imepanda".

Mimi dawa sikuandikiwa. Nimeandikiwa mume.

"Baba yuko wapi?" Nikasema kazini. "Aje na yeye, na kipimo cha mbegu afanye." Akaongeza kwamba watu wanahesabiwa wana tatizo baada ya mwaka mzima wa kujaribu bila kinga, ukishapita miaka 35 usingoje mwaka, miezi 6 inatosha uje, ila mje wawili, siyo mwanamke anazungushwa maabara zote za Dar mwenzie kakaa nyumbani anaangalia mpira. Mume wangu kusikia akasema yeye yuko sawa, nikamuuliza umejuaje, akasema anajijua. Tumeenda. Majibu yake ni yake siyaweki hapa, ila tuna mahali pa kuanzia na halihusiani na projesteroni, na mtakaoniuliza kama nimeshika, bado.

Nyota ya tano wamenyimwa kwa mambo mawili. Majina yanaitwa kwa sauti korido nzima pamoja na kipimo, "mama fulani, mbegu za baba zimepokelewa?", watu wote wanageuka, mume wangu alitamani kuingia chini ya benchi. Na duka lao la dawa la pale chini liko ghali, kapsuli zile zile za mdogo wangu tumezipata Mwenge kwa bei ya chini inayoeleweka, muulize dokta akuandikie jina la dawa yenyewe ukatafute, hanuni.

Malipo lipa namba au keshi, bima wanapokea baadhi tu piga kwanza. Asubuhi kabla ya saa mbili foleni ni fupi, Jumatatu kumejaa mpaka kwenye ngazi, na Ijumaa dokta mwenyewe anaingia baada ya saa nane kwa hiyo msiwahi bure.