Kipimo cha kamera ya tumbo Mtwara: mikono mizuri, majibu hayana tarehe

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mikindani. Kazi yangu ni kuinama, na kiungulia kinamuandama mtu anayeinama. Mwaka wa pili huu, nikishona mpaka alasiri kuna kitu kinapanda kifuani, kinachoma, kinaleta uchachu hadi kooni, na usiku naamka nakohoa. Nimekunywa maziwa ya baridi, nimetafuna muhogo mbichi, nimenunua omeprazo duka la dawa mpaka muuzaji ananijua. Mwisho daktari akaniandikia nikamezeshwe mpira wa kamera.

Kituo kipo Mtwara mjini, jina lake sitalitaja. Naandika kwa sababu wengi huku kwetu wanaandikiwa kipimo hiki wakaenda hawajui kinachowasubiri, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku ya kujiandikisha niliambiwa nisile wala nisinywe tangu usiku, basi. Hakuna aliyeuliza natumia dawa gani. Nikafika saa moja asubuhi na njaa yangu, daktari ananiuliza, "Mama, omeprazo umemeza lini mara ya mwisho?" Nikamjibu, jana. Akanirudisha nyumbani wiki 2. Akanieleza vizuri kwamba dawa ile inapunguza tindikali, na bakteria anayeleta vidonda vya tumbo anaweza kujificha, kipimo kikasema hayupo kumbe yupo. Namshukuru hakunipima bure. Ila maneno yale mahali pake ni dirishani pa kujiandikisha, kabla mtu hajapanda daladala na kufunga siku nzima.

Wiki 2 bila dawa zilikuwa ndefu. Mume wangu aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, na yalinisaidia kuliko mito, maana mito inakukunja tumbo. Nikawa nalalia ubavu wa kushoto, na chakula cha usiku nakimaliza kabla ya magharibi. Mchuzi wa pweza nilipika, wakala wengine.

Kipimo chenyewe nakisifu kwa moyo wote. Nesi alinipulizia dawa ya ganzi kooni, chungu kama mwarobaini, na baada ya muda mfupi koo likawa si langu, nameza mate sijui kama yameshuka. Akanilaza ubavu wa kushoto, akanipa kile kidude cha plastiki cha kung'ata ili nisiume mpira, akaniwekea taulo chini ya shavu. "Mate yaache yatoke, mama, usiyameze. Pumua kwa pua." Mkono wake mmoja ulikuwa begani kwangu muda wote, haukutoka. Mpira unapoingia unataka kutapika, hilo sitawaficha. Kisha wanapuliza hewa ndani ili tumbo lifunguke waone, unajaa, unapiga mbweu, wala hawakuchukii. Kwangu hazikufika dakika 10. Maumivu hasa sikuyapata.

Daktari akanionyesha kwenye skrini umio wangu. Kwa chini umechubuka, mistari myekundu kama nguo iliyochanika uzi. Akasema mlango unaotenganisha umio na tumbo umelegea, ndiyo maana tindikali inapanda. Halafu akasema amechukua vinyama vidogo vya kupima.

Kile kichupa nilikiona. Kidogo, kina maji meupe, ndani vipande viwili vitatu kama punje za mchele uliovunjika, na jina langu limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Nikalipia maabara kwenye dirisha jingine, maana malipo ya kinyama hayamo katika malipo ya kamera. Wekeni akiba ya hela hiyo. Nikauliza majibu lini. "Wiki mbili hivi, utakuja kuangalia."

Hapo ndipo huduma ilipokwisha.

Baada ya wiki 2 nikaenda, hayajaja. Baada ya siku 4 nikaenda tena, hayajaja. Hakuna namba ya simu ya kupiga, hakuna wa kukwambia sampuli imefika wapi. Unasimama foleni ileile ya wagonjwa wapya, ukifika dirishani binti anafungua daftari, anapitisha kidole, anatikisa kichwa. Na nyumbani jirani ameshasema kwamba ukikatwa kinyama ujue ni saratani. Nilikuwa nakata gauni la harusi la mteja, mkasi mkononi, nikajikuta nimesimama tu, nawaza watoto. Gauni lile nililikata vibaya nikalipa kitambaa.

Safari ya tatu nilimuona kijana wa maabara anapita koridoni nikamshika mkono. Nikamwambia, mwanangu, niambie kinyama changu kinafanywa nini siku zote hizi. Akasimama, Mungu ambariki. Akanieleza kwamba kinalowekwa kwenye dawa kisioze, kinatolewa maji, kinazamishwa kwenye nta mpaka kiwe kigumu, ndipo kinakatwa kwa kisu cha mashine, vipande vyembamba kuliko karatasi, vinapakwa rangi na daktari wa vinyama anavitazama kwa hadubini. Kwao daktari huyo hayupo, vichupa vinakusanywa na kupelekwa nje ya mkoa. "Na mama, kinyama tunachukua kwa watu wengi tu. Wengi tunamtafuta bakteria."

Yalikuwa maneno ya dakika 2. Mimi ni fundi. Ukiniambia kitambaa kinahitaji kulowekwa, kunyooshwa na kukatwa kwa uangalifu nitasubiri bila kukuuliza. Kwa nini sikuambiwa siku ile ya kwanza, nimelala pale na taulo shavuni?

Majibu yalitoka siku ya 23. Saratani hakuna, alhamdulillah. Bakteria yupo. Nimepewa dawa za siku 14, antibiotiki mbili pamoja na omeprazo. Daktari alikuwa mkweli, akaniambia kumuua bakteria kutalinda tumbo na vidonda, lakini mlango uliolegea ni jambo jingine, hivyo matofali ya kitanda yabaki na kula usiku sana niache.

Kama umeandikiwa kamera, nenda, usiogope, na mahali hapa mikono yao ni salama. Ila kabla hujatoka omba tarehe iandikwe kwenye kadi, omba namba ya simu, uliza sampuli inakwenda wapi. Ukianza kukonda bila sababu, chakula kikikwama kooni, au ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, usikae kungoja siku yao, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Dawa nimemaliza juzi. Natakiwa kupima tena choo kuona kama bakteria ameondoka, si chini ya wiki 4 baada ya dawa, na omeprazo niwe nimeacha wiki 2 kabla. Safari hii nilisimama pale dirishani sikuondoka mpaka binti alipoandika tarehe. Akaandika, na chini yake, bila kuombwa, akaweka namba yake ya simu.