Malaria au paludisme?

Waitaliano walisema mala aria, yaani hewa mbaya. Waingereza wakalichukua, nasi tunalo hadi leo. Wafaransa wanapendelea paludisme, na Kihispania pia kina paludismo, kutokana na palus, neno la Kilatini la kinamasi. Kinshasa mgonjwa hukata tu: nina palu.

Kwangu kinamasi kinashinda. Hewa ilisingiziwa, maskini, kosa lake ni kumbeba mbu. Lakini viluwiluwi vya anofelesi, mbu aenezaye malaria, kweli hukulia kwenye maji yaliyotuama. Hata hivyo mbu mwenyewe, aliyenaswa na daktari Mwingereza Ronald Ross mwaka 1897 akiwa na vimelea vya malaria, hatajwi popote. Wajerumani wa zamani walikwepa ubishi wote kwa Wechselfieber, homa ya kupokezana: leo unatetemeka chini ya blanketi, kesho uko shambani, keshokutwa blanketi tena.